Jina la Ukoo: Hatuna

Mwanzoni mwa mwaka 2013 nilikuwa na miaka 13, nimeketi kwenye benchi pale Dzaleka, ubavuni mwa baba, nikisubiri zamu yetu ya kuandikishwa. Tulikuwa tumetoka Mtabila, kambi ya Warundi iliyokuwa wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, ambayo ilifungwa Desemba 2012. Wengi walirudi Burundi. Baba hakutaka kurudi katika nchi aliyoikimbia mwaka 1993, basi tukashuka kusini: Mbeya, Kasumulu, Karonga, mpaka tukafika huku wilayani Dowa. Mimi nilizaliwa Mtabila. Kirundi nilikisikia ndani ya nyumba, Kiswahili nilikiokota nje, kwenye foleni za maji na viwanja vya mpira wa makaratasi.

Zamu yetu ilipofika karani aliuliza kwa Kiingereza, na mkalimani, mzee mmoja wa Uvira, akatugeuzia: "Jina la ukoo?"

Baba akajibu, "Hatuna."

Mkalimani alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. Akauliza tena kwa upole: "Baba, jina ambalo nyote mnalitumia nyumbani. Wewe na watoto."

"Mzee wangu, hatuna jina la kutumia wote. Kila mtu ana lake."

Hakuwa anafanya ujeuri. Alikuwa anasema ukweli mtupu, ukweli ambao Mrundi yeyote wa kizazi chake angeusema. Baba aliitwa Havyarimana. Mama aliitwa Nshimirimana. Kaka yangu mkubwa ni Nduwimana, wakafuata mapacha, Bukuru na Butoyi, kisha mimi, Ciza. Watu sita, majina sita, na hakuna hata moja lililorithiwa. Karani hakuweza kuacha kisanduku kitupu. Mkalimani akashauri watoto wote tuandikwe Havyarimana, mambo yaishe. Baba akakataa katakata. "Hilo nilipewa mimi," alisema. "Nao walipewa yao." Mwishowe kila mmoja aliandikwa jina lake la ubatizo mahali pa jina la kwanza, na jina lake la Kirundi mahali pa jina la ukoo. Tukatoka pale tukiwa familia moja yenye koo sita.

Nimeona niandike habari hii kwa sababu darasani kwetu, tulipojadili majina ya watu katika jamii za Waswahili na majirani zao, wenzangu wengi walidhani kukosa jina la ukoo ni kukosa ukoo. Ukoo tunao. Ila jina la Kirundi halikutungwa kwa ajili ya kuuonyesha. Jina la Kirundi ni sentensi. Mzazi anaitamka mara moja, mtoto anapozaliwa, na sentensi hiyo hubeba alichokuwa nacho moyoni siku ile. Nshimirimana ni "namshukuru Mungu". Nduwimana ni "mimi ni wa Mungu". Hakizimana ni "anayeponya ni Mungu". Havyarimana, jina la baba, ni "anayezaa ni Mungu". Ndani yake mna kitenzi *-vyara*, ambacho mwanafunzi wa Kiswahili atakitambua akikumbuka *-vyaa* la lahaja za pwani, na *mavyaa*, yaani mama mkwe. Bibi yangu alikaa miaka mingi bila mtoto huku watu wakimsema. Alipompata baba, akawajibu wote kwa neno moja. Sasa niambie, sentensi ya mama aliyekuwa akisemwa kwa utasa, mtoto wa mjukuu wake ataibebaje kama namba ya gari?

Si majina yote yana utamu. Mengine ni malalamiko, mengine ni vijembe vya kumpelekea jirani: unamwita mwanao kwa sauti uani, na ng'ambo ya ua aliyekusudiwa anasikia. Mashabiki wa Yanga na Simba wanamjua Saidi Ntibazonkiza. Uwanja mzima ulikuwa ukilitaja jina lake kwa furaha, na sidhani wengi walijua kwamba walikuwa wakisema "hawataniokoa". Mengine yanahesabu tu: Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane. Na kwa kuwa ni sentensi za mzazi kwa mtoto mmoja, baba na mwana hawafanani majina, hata wakiwa wakubwa wa nchi. Pierre Nkurunziza, aliyekuwa Rais wa Burundi, jina lake ni "habari njema". Baba yake, mbunge aliyeuawa mwaka 1972, aliitwa Eustache Ngabisha. Kwa Warwanda ni hivyo hivyo: baba yake Paul Kagame aliitwa Rutagambwa.

Waswahili wenyewe hawako mbali sana na jambo hili. Kwa desturi ya pwani mtu hutaja jina lake, la baba yake, na akibanwa hutaja la babu yake, bin fulani bin fulani, mpaka muulizaji atosheke. Shaaban Robert tunayemsoma kila muhula hakuwa wa "ukoo wa Robert". Robert alikuwa baba yake. Tunasema "Robert anaandika hivi" katika insha zetu, tunampa baba sifa za mwana, na hakuna anayetukosoa.

Jirani yetu wa kwanza Dzaleka, mzee wa Fizi, alikuwa na hadithi ya aina nyingine. Kikongo chao cha karatasi kina nafasi tatu: jina, jina la nyuma, na jina la ubatizo. Alizaliwa na jina la Kikristo. Mwaka 1972 Mobutu alipopiga marufuku majina ya kizungu, na yeye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu Wa Za Banga, jina la ubatizo la mzee likafutwa shuleni. Akaongezewa jina la babu yake lizibe pengo. Baadaye mambo yalipolegea akalirudisha la ubatizo mbele, lile la babu likabaki. Alikuwa akisema kwa kicheko kwamba serikali ilitaka kumnyang'anya jina ikaishia kumwongezea. Sisi sita tungeweza kugawana majina yake na yakabaki.

Kwa miaka michache ya kwanza koo zetu sita zilikuwa mchezo tu. Shuleni walimu walituuliza kama mimi na Butoyi ni ndugu wa baba mmoja, tukacheka. Mama alifariki mwaka 2015. Bukuru alikuwa ameoa binti wa Kikongo, na faili la familia ya mkewe lilipochukuliwa kwenda nchi ya tatu, naye aliandikwa humo. Wakaondoka kwenda Marekani mwaka 2016. Baba akafariki mwaka 2018. Nduwimana alishavuka kwenda Msumbiji kutafuta maisha. Tukabaki Dzaleka mimi na Butoyi.

Mwaka uliofuata Butoyi aliitwa kwenye mahojiano katika ofisi moja, baada ya Bukuru kuomba kule aliko kwamba ndugu yake aunganishwe naye. Niliandamana naye, nikaruhusiwa kukaa. Afisa alikuwa mtu mstaarabu, sina neno baya juu yake. Alifungua faili, akasoma, akauliza:

"Unasema huyu ni pacha wako?"

"Ndiyo."

"Yeye ni Bukuru. Wewe ni Butoyi. Majina ya ukoo ni tofauti. Cheti cha kuzaliwa?"

Tulizaliwa kambini, wakati wa vurugu. Kijikaratasi cha kliniki ya Mtabila kilipotea kati ya Kasulu na Karonga, pamoja na sufuria mbili na Biblia ya mama.

Butoyi alicheka. Ndilo kosa alilofanya, alicheka, kwa sababu kwake swali lilikuwa kama kuuliza kama mkono wa kulia na wa kushoto vinafahamiana. Kwa Kirundi pacha wa kwanza ni Bukuru, yaani ukubwa. Wa pili ni Butoyi, yaani udogo. Hayo si majina ambayo mtu huyachagua kwa kuyapenda. Mapacha wakizaliwa, majina yameshazaliwa nao. Hakuna Butoyi asiye na Bukuru mahali fulani, hai au kaburini. Na mtoto anayefuata mapacha huitwa Ciza. Kwa hiyo pale chumbani, ndani ya faili lile lile, palikuwa na ushahidi wa watu watatu: Bukuru, Butoyi, na mimi Ciza niliyekaa kwenye kiti cha nyuma. Majina yetu yalikuwa yanapiga kelele kwamba tumetoka tumbo moja, na afisa aliyasoma kama majina ya watu watatu wasiojuana.

Nilinyoosha mkono nikaeleza. Alisikiliza, akaandika. Kisha akasema jambo ambalo mpaka leo sijapata la kulijibu: "Ninakuamini kwamba wewe ni pacha. Lakini majina haya yanathibitisha kwamba una pacha, hayathibitishi kwamba pacha wako ni huyu. Akina Bukuru si wengi?"

Ni wengi. Ni maelfu. Mtaa wetu tu wa Dzaleka ulikuwa na watatu.

Tulipotoka nje Butoyi hakusema kitu mpaka tulipofika sokoni. Hapo akaniuliza kama baba angekubali siku ile, mwaka 2013, kuandika Havyarimana kwetu sote, mambo yangekuwaje. Sikumjibu. Nilijua, naye alijua. Kisanduku kile ambacho baba alikataa kukijaza kwa uongo kilikuwa kimegeuka ukuta baina ya mapacha. Faili bado liko mezani. Niliandika barua ndefu kueleza utaratibu wa majina ya mapacha, kwanza kwa Kiswahili ili nijielewe mwenyewe, kisha Kiingereza. Labda ndiyo insha yangu bora kuliko zote, na haikupewa alama.

Kuna bwana mmoja wa Ireland alikuwa akija Dzaleka kufundisha Kiingereza, na jina lake lilianza na herufi O iliyotengwa peke yake. Nikamuuliza ile O ni ya nini. Akafurahi sana, kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza. Akanieleza kwamba Ó kwa Kiayalandi ni "mjukuu wa", na Mac ni "mwana wa". Zamani yalikuwa maneno ya kweli: mtu alikuwa mjukuu wa mtu fulani anayejulikana. Baadaye neno likaganda. Ukoo wa O'Brien unajinasibisha na Brian Bóruma, mfalme aliyeuawa vitani Clontarf mwaka 1014, na mtu anayezaliwa leo huko Dublin bado anaitwa mjukuu wake. Waingereza walipotawala, majina yaliandikwa kwa jinsi masikio yao yalivyosikia. Ó Murchadha ikawa Murphy. Mac Gabhann, mwana wa mhunzi, kwa wengine ikatafsiriwa tu ikawa Smith. Wengi waliiacha ile Ó, na vizazi vya mbele, walipoanza kuona fahari ya lugha yao, wengine wakairudisha. Nilimuuliza mabinti nao wanakuwa wajukuu? Akasema binti ana neno lake, Ní, yaani binti wa ukoo fulani, haitumiki Ó. Nikafikiri moyoni kwamba kumbe hata kamba ya ukoo ilianza kuwa sentensi, kabla haijakauka.

Wamalawi wana kamba hiyo, nao wanaivuta kila siku. Nilianza kujifunza hilo Lilongwe. Nilikuwa nikifanya kazi ya kushona nguo huko Area 23, na hapo nikampata mke, binti wa Kichewa. Siku niliyopelekwa kwao mara ya kwanza, mama yake hakuniuliza natoka nchi gani. Aliniuliza mimi ni nani, akimaanisha *chiwongo*, jina la ukoo, maana bila hilo hajui atanisalimuje wala atanishukuruje nikimletea sukari. Yeye ni Phiri. Ukimsaidia Mchewa mzigo atakushukuru kwa jina hilo: asante Phiri, asante Banda. Phiri maana yake ni mlima. Masimulizi ya Wachewa yanasema kwamba walipokuwa wakihama kutoka kaskazini, waliopanda na kukaa mlimani wakawa akina Phiri, na waliolaza nyasi bondeni wapate mahali pa kulala wakawa akina Banda. Akina Phiri walishika ufalme wa Kalonga. Akina Banda wakabaki na mvua na ardhi, na Makewana wa Msinja, mama wa kuomba mvua, anahesabiwa upande wao. Kwa hiyo hata daktari Kamuzu Banda alikuwa na jina la kugawana na nusu ya nchi. Ila lile la kwanza lilikuwa sentensi kama letu, au nusu sentensi: kamuzu ni kizizi, na inasimuliwa kwamba mama yake alipata mimba baada ya kunywa dawa ya mizizi. Bibi yangu na mama yake Kamuzu wangeelewana.

"Naitwa Ciza," nilimwambia mama mkwe.

Akarudia, "Chiza?" Kisha akacheka mpaka akashika kiuno. *Kuchiza* kwa Kichewa ni kuponya. Alidhani nimejiita mganga. Tangu siku ile kila akiumwa mgongo ananiita kwa utani nimtibu. Nilimweleza kwamba kwetu ni mtoto anayefuata mapacha. Alinyamaza kidogo, akauliza mapacha wako wapi. Nikamwambia mmoja yuko Dzaleka, mmoja yuko Marekani. Akasema, "Basi na wewe unawafuata bure, bambo." Kwa Kichewa ni utani wa kawaida tu. Mimi niliubeba wiki nzima.

Kinachonichanganya kwa Wachewa ni kwamba ukoo wao unapita kwa mama. Mtoto ni wa upande wa mama, mjomba ndiye mwenye neno, na uchifu huenda kwa mtoto wa dada. Hata hivyo jina la ukoo linalotumika shuleni na hospitalini ni la baba, na kwa Kichewa linaitwa hivyo hivyo, *dzina la abambo*, jina la baba. Karatasi inakwenda huku, damu inakwenda kule, nao wanaishi na vyote viwili bila kuumwa kichwa. Natamani baba angekutana na mama mkwe. Wangezungumza siku nzima.

Mwaka 2023 ilipotoka amri kwamba wakimbizi wanaoishi mijini warudi kambini, nilifunga cherehani yangu nikarudi Dzaleka. Mke wangu alibaki kwa mama yake, mimi nikawa mtu wa kuomba kibali na kupanda basi dogo kupitia Lumbadzi. Mwaka uliofuata akapata mimba, na hapo swali la kisanduku likanirudia.

Mtoto ataandikwa nani? Kwa karatasi zangu, jina langu la ukoo ni Ciza, kwa hiyo angekuwa wa ukoo wa Ciza: mtoto wa kwanza, asiyefuata pacha yeyote, aitwe mfuata mapacha maisha yake yote, naye awape wajukuu. Kwa Kirundi huo ni uongo. Kwa Kichewa angekuwa wa ukoo wa Ponya, labda si mbaya. Angeweza kuwa Phiri, na mama mkwe asingekataa. Au Havyarimana, jina ambalo mwenyewe alilikatalia watoto wake waliokuwa hai mbele yake.

Nilimfuata Butoyi. Yeye ni mkubwa wangu, na kwa kuwa Nduwimana yuko mbali, ndiye aliyeshika nafasi ya baba. Tulikaa nje ya nyumba yake, tukila mahindi ya kuchoma. Nikamwambia naogopa kumvunjia baba neno lake.

"Baba alikuwa na haki," alisema. "Jina alipewa yeye."

"Basi nifanyeje?"

Aligeuza hindi, akalipuliza. "Lakini baba hakukaa kwenye kile kiti nilichokalia mimi."

Hakuongeza neno, nami sikuuliza tena.

Mtoto alizaliwa asubuhi moja katika hospitali ya Lilongwe, wa kike. Nilifika saa nne, vumbi la barabarani bado liko kwenye nyusi. Jina la kwanza lilikuwa limeshatolewa na bibi yake, kwa haki yake: Tiyamike, yaani "tushukuru". Nikasimama pale nikijaribu kutolia, kwa sababu mama mkwe hakujua jina la mama yangu lilikuwa na maana gani. Hakuna aliyemwambia kwamba Nshimirimana ni shukrani ile ile, kwa lugha nyingine.

Muuguzi alifungua kile kijitabu cha afya, akashika kalamu, akaniuliza kwa Kichewa, "Dzina la abambo?"

"Havyarimana," nikasema.

Aliandika A. Nikamwambia hapana, H. Akaandika Ha, akasimama, akanitazama. Nikamtajia herufi moja moja: v, y, a, r. Akaandika l mahali pa r, nikamwomba afute. Akafuta kwa ncha ya kalamu mpaka karatasi ikachubuka, akaandika r juu yake. Alipomaliza alihesabu herufi kwa kidole kama mtu anayehesabu chenji.

"Jina refu namna hii lina maana gani, bambo?"

Nikamwambia: anayezaa ni Mungu.

Akageuka akamtazama mke wangu aliyekuwa amelala, kitenge kimemkaa kichwani upande, kisha akanirudishia kijitabu.

"Kamwambie yule pale," alisema. "Tumemsikia tangu saa nane usiku."